Saa za Baba

Mama yetu, shangazi zetu, wajomba na ami, majirani, na ninyi wenzake Baba wa kikundi cha huduma ya kwanza mliokuja leo na sare zenu: asanteni sana kwa kufika. Wadogo zangu watatu wameniachia mimi, mkubwa wao, niseme kwa niaba ya watoto wote. Mama naye ameniruhusu niseme hata yale ambayo kwa kawaida huyaweka ndani.

Tangu Baba atutoke, mlango wetu haujapumzika. Watu wanakuja, wanakaa, wanaanza kusimulia. Mmoja ametuambia kwamba Baba alimkuta kando ya barabara amevunjika mguu, akakaa naye chini palepale mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Mwingine alikuwa mwoga wa sindano kupita kiasi, na Baba ndiye aliyemshika mkono siku ya kwanza alipochangia damu. Leo mtu huyo ni mchangiaji wa kudumu. Alikuja mama mmoja ambaye sura yake hatukuwa tukiijua, ameongozana na mwanawe, kijana mrefu aliyempita kimo. Akatuambia kijana yule alipokuwa na umri wa miaka miwili alikwamwa na kitu kooni, akawa hatoi hata sauti, na mikono iliyokitoa kitu kile ilikuwa ya Baba yetu. Tulitazamana. Baba hakuwahi kututajia.

Kila ninaposikia kisa kama hicho nafurahi, kisha moyo unaniuliza: saa ile sisi tulikuwa wapi? Jibu nalijua. Tulikuwa nyumbani tunamsubiri. Saa haizai. Saa aliyokaa na yule ndugu barabarani ilitoka mahali fulani, na mahali penyewe ni kwetu. Ndiyo ninayotaka kuizungumzia leo, kwa sababu Baba mwenyewe aliijua thamani yake kuliko watu wanavyodhani, na kwa sababu ninaona hapa vijana wengi wanaotaka kushika kazi alizoziacha, na baadhi yenu mna ndoa changa na watoto wadogo.

Nianze na damu, maana ndiko alikoanzia yeye.

Baba alianza kuchangia kabla hajamwoa Mama. Kadi yake tunayo. Imelainika kwenye mikunjo, pembe moja imeliwa, na Mama aliitia kwenye plastiki baada ya kuikuta mfukoni mwa suruali iliyokwisha kulowekwa. Ndani yake mihuri imepangana safu kwa safu, na ukizisoma tarehe unaona kitu kinachomweleza Baba vizuri kuliko nitakavyoweza mimi: nafasi kati ya muhuri na muhuri ni karibu ileile, mwaka baada ya mwaka. Hakuwa mtu wa kukurupuka kwa kuwa kumetokea ajali. Alikwenda kwa tarehe.

Sababu zake alitueleza tungali wadogo, akichora kwenye karatasi. Mtu akichangia hutoa takriban mililita 450. Plasma, yaani majimaji ya damu, mwili huirudisha ndani ya siku moja au mbili. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, na madini ya chuma huchelewa zaidi. Ndiyo maana wanaume katika nchi nyingi huambiwa wasubiri miezi mitatu kabla ya kurudi. Na damu yenyewe nayo haikai. Chembe nyekundu, hata zikihifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 6, mwisho wake ni siku 42. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hukaa siku 5, pengine 7, tena sharti zitikiswe taratibu muda wote. Kwa hiyo hakuna namna ya kujaza ghala kwa siku moja ya huruma, ukatumia mwaka mzima. Mama anayetokwa na damu usiku huu wakati wa kujifungua anaokolewa na damu iliyokwisha kutolewa siku zilizopita, ikapimwa, ikahifadhiwa, na aliyeitoa hakujua lolote kuhusu usiku huu. Anayekimbia kwenda kuchangia baada ya kusikia habari mbaya anafanya jambo jema, lakini damu yake mara nyingi itamfaa mtu mwingine, siku nyingine. Baba alitaka awe yule aliyekwisha kufika mapema.

Tarehe 14 Juni ilikuwa sikukuu yake. Ndiyo siku aliyozaliwa Karl Landsteiner, mwaka 1868, mjini Vienna, daktari aliyegundua mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba damu za watu zimegawanyika katika makundi. Kabla yake, kumwongezea mtu damu ya mwenzake kulikuwa kubahatisha, na wengi walikufa kwa kubahatisha huko. Tangu 2004 dunia imeiweka siku hiyo kuwa ya wachangiaji damu. Baba aliiadhimisha kwa njia moja tu: alitafuta mtu ambaye hajawahi kuchangia maishani mwake, akampeleka.

Sasa nirudi nyumbani.

Ukutani jikoni kwetu palikuwa na kalenda, na chini yake kalamu mbili zikining'inia kwa uzi, ya bluu na nyekundu. Bluu ilikuwa ya nyumba, nyekundu ya kazi zake za kujitolea. Siku ya kwanza ya kila mwezi Baba na Mama walisimama mbele ya ile kalenda, na sheria ilikuwa kwamba bluu inaandikwa kwanza. Mikutano ya wazazi shuleni, kliniki ya bibi, siku za kuzaliwa, Jumapili ya kwenda kuwaona shangazi zetu. Bluu ikishamalizika, nyekundu inaingia kwenye nafasi zilizobaki. Na Mama alikuwa na haki ya kufuta nyekundu yoyote bila kutoa maelezo. Aliitumia mara chache sana, lakini sisi watoto tulijua ipo, na naamini Baba alijitolea kwa moyo mweupe zaidi kwa kuwa alijua ipo.

Ninyi wenzake mnaweza kuwa mmeona matunda ya kalenda ile bila kuiona yenyewe. Mnakumbuka jinsi alivyokuwa hakubali kufundisha darasa peke yake. Kila somo alikuwa na mtu pembeni: leo anatazama, mwezi ujao anafundisha nusu, mwezi unaofuata anafundisha lote na Baba amekaa nyuma. Wengine walidhani ni unyenyekevu. Huenda ulikuwamo, lakini sababu aliyotupa sisi ilikuwa nyingine: kazi ya kujitolea isiyoweza kwenda bila wewe itakula watoto wako. Ndiyo maana siku mdogo wangu alipohitimu, na siku hiyohiyo kukawa na mafunzo ya watu wengi yaliyopangwa muda mrefu, Baba alikuwa amekaa mstari wa mbele kwenye mahafali, simu ameizima. Mafunzo yaliendeshwa na dada mmoja ambaye yupo hapa leo, na yalikwenda vizuri. Alikuwa ameandaliwa miaka miwili kwa ajili ya siku kama ile.

Nasisitiza hili kwa sababu watu humsifu mtu wa kujitolea kwa kusema hakuwahi kukosa. Baba alikosa. Alikosa kwa mpango, na pengo halikuonekana kwa sababu alikuwa amelijaza kabla halijatokea. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa usiku wote aliokesha.

Ila usiku nao ulikuwepo, na hapa lazima nimtaje Mama kwa jina lake la heshima mbele yenu nyote. Mama, simu ya saa nane usiku ilikuamsha wewe kwanza, kwa sababu usingizi wako ni mwepesi. Wewe ndiye uliyewasha taa, ukamtafutia tochi, ukafunga mlango nyuma yake, halafu ukakaa. Asubuhi ulitupeleka sisi shule kana kwamba umelala. Sare ile aliyovaa kwenye picha mnazoziona hapa, yenye mikunjo ya pasi iliyonyooka, ilipigwa pasi na mkono mmoja, na haukuwa wa Baba.

Yeye alilijua hilo. Kila alipoanza kozi mpya ya huduma ya kwanza alisimulia kisa kilekile, na wanafunzi wake wakongwe mnaweza kunisaidia kukimalizia. Mwaka 1859, tarehe 24 Juni, palikuwa na vita kubwa Solferino, kaskazini mwa Italia. Mfanyabiashara mmoja wa Geneva, Henry Dunant, alikuwa njiani kwa shughuli zake, akakuta maelfu ya majeruhi wamelazwa chini katika mji jirani wa Castiglione. Kutokana na aliyoyaona pale likazuka wazo, na mwaka 1863 ikaundwa kamati iliyozaa Msalaba Mwekundu. Mwaka 1901 Dunant alikuwa mmoja wa watu wawili waliopewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya kwanza kabisa. Hapo wasimulizi wengi humaliza. Baba alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Aliuliza darasa: nani aliwaosha wale majeruhi vidonda? Ni wanawake wa Castiglione. Walibeba maji na vitambaa, wakahudumia askari wa pande zote bila kuuliza anapigania nani, wakisema wote ni ndugu. Hawakuwa na sare wala mafunzo, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Baba alikuwa akifika kwenye maneno hayo anashusha sauti, na kama Mama yupo ukumbini, anamtazama.

Mwaka 1985 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga tarehe 5 Desemba kuwa siku ya kimataifa ya watu wanaojitolea. Kikundi hiki huiadhimisha kwa vyeti. Ni Baba aliyeomba, na mkamkubalia, kwamba vyeti vya siku hiyo wakabidhiwe waume, wake na watoto wa wanaojitolea. Cha kwanza alipewa Mama. Kimetundikwa sebuleni, na cha Baba mwenyewe hatujui aliweka wapi.

Mtu anaweza kuuliza sisi watoto tulipata nini, mbali na kusubiri. Tulipata mengi, na tuliyapata kwa mikono. Jioni za mvua, Baba aliweka mto mgumu sakafuni na kutupanga magoti chini mmoja baada ya mwingine, tujifunze kubonyeza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, viwiko vimenyooka, uzito wa mwili ndio ubonyeze, mikono isijaribu kufanya kazi peke yake. Kina cha sentimita 5 hadi 6, mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika, na kila ukibonyeza uache kifua kirudi chote juu. Tulihesabu kwa sauti. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa mwepesi mno, hata mto haukubonyea, na Baba alimwambia kazi yako wewe ni kupiga simu na kusema mahali mlipo bila kupayuka. Akamfundisha hilo kwa makini yaleyale. Alituambia ubongo ukikosa hewa dakika chache tu huanza kuharibika, kwa hiyo msisimame kumsubiri mtu anayejua zaidi yenu.

Pua ikitoka damu, kwetu hakuna aliyeinua kichwa. Unainama mbele kidogo, unabana sehemu laini ya pua dakika 10 kamili, unapumua kwa mdomo. Mtu akiungua, maji ya bomba ya baridi ya kawaida, dakika 20, wala hapakwi dawa ya meno wala mafuta. Yalikuwa mambo ya kawaida nyumbani, kama kusalimia wakubwa.

Dada yangu ameniruhusu nisimulie lake. Alikuwa na miaka kumi na mitano, yuko kwenye basi, mwanamume mmoja akaanguka kwa kifafa. Watu wakapiga kelele, mmoja akachomoa kijiko amtie mdomoni. Dada akasimama, sauti inatetemeka, akasema hapana, usimtie kitu chochote mdomoni. Akavua sweta akamwekea chini ya kichwa, akaomba watu wasogee na wasimshike kwa nguvu, akatazama saa, kwa kuwa tulifundishwa kwamba degedege likipita dakika 5 lazima aitwe daktari bila kungoja zaidi. Likaisha kabla ya hapo. Akamlaza ubavu, akakaa naye mpaka akajua jina lake na anakokwenda.

Alipofika nyumbani alikuwa akitetemeka mwili mzima. Baba alikuwa na kikao jioni ile. Angeweza kumuuliza alifanya hatua zipi na kwa mpangilio gani, angekuwa mwalimu. Alimuuliza: na wewe, mwanangu, uko sawa? Dada akaanza kulia. Baba akavua viatu, akapiga simu moja fupi ya kusema leo hatakuja, akakaa naye kwenye kochi mpaka akalala begani kwake. Mambo ya hatua na mpangilio waliyazungumza kesho yake. Dada yangu leo ni muuguzi, na anasema kilichomfikisha huko ni kochi lile zaidi ya basi.

Baba alilijua swali lile kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amelikosa miaka mingi. Huduma ya kwanza haiokoi kila mtu. Kuna watu waliofia mikononi mwake, na mmoja wao alikuwa mtoto. Siku zile alirudi, akanawa, akakaa nasi mezani, lakini akili haikuwa pale, na hatukujua kwa nini mzaha wetu haumchekeshi. Alidhani kunyamaza ndiko kutulinda. Mama ndiye aliyemwambia, kwa upole na kwa kurudia, kwamba ukimya wake unatufikia kuliko maneno yangetufikia. Pole pole akaanza kumsimulia yeye, nje, baada ya sisi kulala. Na kutokana na mazungumzo yale ya wawili ukatoka utaratibu wa kikundi hiki, kwamba baada ya tukio zito hakuna anayekwenda nyumbani moja kwa moja. Mnakaa, mnanywa kitu cha moto, kila mmoja anasema alichokiona. Ninyi mnauita utaratibu wa Mzee. Nilitaka mjue chanzo chake ni Mama.

Alipofikisha miaka 65, umri ambao vituo vingi huuweka kuwa mwisho wa kuchangia damu, alirudi nyumbani siku hiyo kimya. Tulimwonea huruma. Mwezi uliofuata alikuwa amekaa kituoni kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, anazungumza na wale wanaokuja mara ya kwanza, anawasaidia kujaza fomu, anawaletea maji. Wanaoogopa aliwaambia ukweli kwamba sindano inauma kidogo.

Halafu akaugua. Ugonjwa wenyewe mnaujua na sina haja ya kuurudia. Nitasema jambo moja tu la wodini. Ulifika wakati akahitaji kuongezewa damu. Muuguzi alipoitundika, Baba, ambaye macho yalikuwa yamechoka, aliniomba nimsomee lebo. Nikamsomea kundi. Nikamsomea tarehe ya kutolewa na tarehe ya mwisho wa kutumika. Jina halikuwepo, kama inavyotakiwa. Akafikiri kidogo, akapiga hesabu, akaniambia ilikuwa Jumanne. Siku ya kazi. Mtu huyu aliomba ruhusa kazini, au aliacha chakula cha mchana. Akasema, kuna watu nyumbani kwake walimsubiri. Akataka wao pia waombewe.

Kwa wale wauguzi na madaktari waliomhudumia mpaka mwisho, wakamheshimu hata alipokuwa hawezi tena kusema asante, familia inawashukuru sana. Kwa majirani mliopokezana kukesha na Mama, hatuna cha kuwalipa.

Mnatuuliza tuendeleze vipi kazi yake. Mkoba wake wa huduma ya kwanza, ule wa kijani, amechukua mdogo wetu wa mwisho, ambaye sasa mto unabonyea vizuri. Ameshabadilisha glovu na bandeji zilizopita muda na kuongeza zile za pembetatu. Darasa la Jumamosi linaendelea na walimu walewale aliowaandaa. Kiti cha mlangoni pale kituoni nitakikalia mimi mara moja kwa mwezi, na nimekwisha kuiandika kwenye kalenda yangu baada ya kuzungumza na mume wangu na watoto.

Jumamosi ijayo tunakwenda kuchangia damu kwa pamoja, kuanzia saa tatu asubuhi. Anayetaka kuja ale vizuri kabla na anywe maji ya kutosha, alale usiku, na abebe kitambulisho. Vituo vingi huhitaji uzito usiopungua kilo 50. Kama unatumia dawa au uliugua karibuni, waeleze pale pale, watakushauri, na ukiambiwa bado, njoo tu ukae nasi. Mnaoweza, njooni na watu wa nyumbani kwenu. Dada aliyevaa kitambaa cha bluu pale mlangoni anaandika majina, na ukimpa lako, mpe pia la atakayekuwa anakusubiri.